Bustani ya Mission Street na wanawake wawili walioipanda

Ndugu zangu, wakubwa shikamooni, vijana habari zenu. Nawashukuru wenyeji wetu kwa kunipa nafasi hii. Niliombwa nichague kitu chochote cha mji huu wa Salem ambacho naona sisi Waswahili wa Oregon ingefaa tukijue. Kazi yangu ni bustani. Nimeshika jembe tangu utotoni, na mkasi wa kupogolea nimeushika tangu nifike nchi hii. Kwa hiyo nitazungumzia bustani, tena moja tu.

Wengi wenu mnapita Mission Street kila wiki mkienda hospitali, au mkiwapeleka watoto kucheza Bush's Pasture Park. Jirani na hapo kuna nyumba iliyojengwa mwaka 1932. Ukiitazama kutoka kwenye gari haikuambii kitu. Ni nyumba nzuri ya kawaida, kama nyingine za mtaa ule. Nyuma yake na ubavuni mwake ndiko kuliko na hiyo bustani. Inaitwa Gaiety Hollow, na eneo lake lote halifiki ekari moja. Walioibuni wakaishi humo ni Elizabeth Lord na Edith Schryver, wanawake wawili ambao mwaka 1929 walifungua hapa Salem ofisi yao ya usanifu wa mandhari, ya kwanza kumilikiwa na wanawake katika ukanda wote huu wa kaskazini-magharibi ya Marekani.

Nasema mapema ninachokitaka ili msinisikilize kwa kubahatisha: bustani ile lazima ibaki, na baadhi yetu humu ukumbini tuna ujuzi unaohitajika ili ibaki.

Elizabeth Lord alizaliwa hapa hapa Salem mwaka 1887. Baba yake, William Paine Lord, alikuwa gavana wa Oregon kuanzia 1895 hadi 1899, halafu akatumwa Argentina kuwa balozi, familia yake ikaenda naye. Mama yake, Juliet, alikuwa mpenzi mkubwa wa maua na mmoja wa watu waliokusanya wakulima wa bustani wa mji huu wakawa chama. Baba alifariki, mama naye akafariki miaka ya 1920, na Elizabeth akabaki mtu mzima anayekaribia miaka 40, hajaolewa, hana kazi ya kuajiriwa. Kwa desturi za siku zile maisha yake yalikuwa yameshapangwa: kukaa, kualikwa chai, kuzeeka kwa heshima. Yeye akafunga mizigo akaenda upande wa pili wa nchi kuanza shule.

Shule yenyewe ilikuwa Lowthorpe, katika mji mdogo wa Groton, Massachusetts. Ilianzishwa mwaka 1901 na mwanamke, Judith Low, kwa ajili ya wanawake. Hapa naomba tutulie kidogo, kwa sababu bila kuelewa jambo hili huwezi kuelewa thamani ya bustani ya Mission Street. Chuo Kikuu cha Harvard kilianza kufundisha usanifu wa mandhari mwaka 1900, lakini mlango huo ulikuwa wa wanaume. Mwanamke hakuingia pale kusomea fani hii mpaka mwaka 1942, wakati wa vita, wanaume walipokuwa wamekwenda jeshini na madawati yamebaki matupu. Kwa zaidi ya miaka 40 wanawake walijifunza kwenye shule zao wenyewe, kama Lowthorpe na ile iliyoitwa Cambridge School, wakilipwa kidogo, wakidharauliwa sana.

Edith Schryver alikuwa mdogo kwa Elizabeth kwa miaka 14. Alizaliwa 1901 huko Kingston, New York, akasoma Lowthorpe mapema kuliko mwenzake, kisha akaajiriwa na Ellen Shipman. Jina la Shipman mlikumbuke. Alikuwa na ofisi New York na Cornish, New Hampshire, na katika ofisi zile aliajiri wanawake tu, kwa sababu alijua hakuna ofisi nyingine itakayowachukua wakajifunza kazi hasa, kazi ya kuchora na kusimamia ujenzi. Edith alikaa kwake miaka mitano hivi. Alitoka pale akiwa fundi.

Mwaka 1927 wawili hawa walikutana katika safari ya masomo ya kwenda Ulaya kuangalia bustani. Mwaka uliofuata Edith akahama New York akaja Salem, mji ambao wakati ule ulikuwa mdogo na mbali na kila kitu alichokizoea. Januari 1929 ofisi ikafunguliwa. Kabla mwaka haujaisha, uchumi wa Marekani ukaanguka. Fikirieni mnafungua biashara ya kupamba nyua za watu, na miezi michache baadaye mabenki yanafilisika. Hawakufunga. Walifanya kazi pamoja mpaka 1969, na walipostaafu walikuwa wamebuni bustani zaidi ya 200 katika Oregon na Washington. Waligawana kazi kwa namna inayoeleweka na kila fundi: Edith alishika penseli na vipimo, ngazi, kuta, njia na viwango vya ardhi, Elizabeth alishika mimea, akijua ipi inachanua lini, ipi inavumilia kivuli, rangi gani ikae karibu na rangi gani. Walizungumza hata redioni, kupitia kituo cha KOAC, wakiwafundisha watu wa kawaida jinsi ya kupanga bustani ya nyumbani.

Sasa hoja yangu kubwa. Kwa nini bustani ya nyumbani? Kwa nini tusihifadhi viwanja vya umma tu, tukawaachia watu nyua zao?

Kwa sababu huko ndiko wanawake hawa walikoruhusiwa kufanya kazi. Majumba ya serikali, barabara kuu na viwanja vikubwa vya miji walipewa wasanifu wanaume. Mwanamke aliitwa na mke wa daktari, au mjane mwenye nyumba kubwa, aje kumpangia uwanja nyuma ya nyumba. Hata waliofanya kazi za umma, na hawa wawili walizifanya, sehemu kubwa ya maisha yao ilikwenda kwenye viwanja vya familia. Na uwanja wa familia hauna ulinzi. Mwenye nyumba akifariki, nyumba inauzwa. Anayenunua anataka bwawa la kuogelea au sehemu ya kuegesha magari matatu. Anakodi mashine, na kwa siku moja kazi ya miaka 30 inabebwa kwenye lori. Hakuna gazeti litakaloandika. Ndivyo zilivyopotea bustani nyingi za kizazi kile cha wanawake, za Shipman zikiwamo. Ukitaka kujua walichoweza kufanya inabidi uende kwenye nyumba chache zilizosalia. Kwa Lord na Schryver tuna bahati ya ziada, kwa kuwa Gaiety Hollow ilikuwa kwao wenyewe. Hapakuwa na mteja wa kuwaambia hapana. Kila walichokiamini kiko pale.

Tuingie ndani basi. Kitu cha kwanza utakachokiona ni kwamba hauioni bustani yote kwa mara moja. Imegawanywa vyumba, na kuta za vyumba hivyo ni mimea. Ua mrefu unakuzuia, unapita kwenye uwazi mwembamba, ghafla uko mahali pengine kabisa. Kuna chumba cha maua, kimechorwa vitalu vya umbo maalumu, kila kitalu kimezungushiwa ukingo wa buksi. Buksi ni kijichaka chenye majani madogo, magumu, ya kijani kibichi mwaka mzima, kinachokubali kukatwa kama kitambaa. Kuna chumba cha mimea ya kijani tu, kimya, cha kupumzisha macho baada ya rangi. Kuna njia ndefu iliyonyooka inayovuta macho mpaka mwisho wake, na kipenu cha nguzo ambacho mimea hukitambaa. Hata mahali pa kuanikia nguo palipangwa pakawa bustani. Hilo mimi linanigusa kuliko yote. Watu waliozunguka bustani za Ulaya kujifunza na kuchora kwa ajili ya matajiri walikaa chini wakaipa kamba ya nguo heshima ileile waliyoupa uwanja wa mbele.

Ukubwa wake ni wa nyumba yako na yangu. Huhitaji kuwa tajiri ili uelewe kinachofanyika. Ndiyo maana walipata wateja hata katika miaka ile migumu: walijua kuufanya uwanja mdogo uonekane una safari ndani yake.

Kuhifadhi bustani, ndugu zangu, kuna ugumu ambao kuhifadhi jengo hakuna. Ukuta ukiupaka rangi na kuziba paa linalovuja, unakungoja. Bustani haingoji hata wiki mbili. Inakua, na kukua kwenyewe ndiko kunakoiharibu. Miti iliyopandwa miaka ya 1930 ikiwa fimbo leo imekuwa na kivuli kinachofunika vitalu. Maua yaliyochaguliwa kwa jua kali yanadhoofika chini yake. Utafanya nini? Utakata mti walioupanda wao ili maua yao yapone, au utaacha mti na kubadilisha maua? Na unairudisha bustani ya mwaka upi? Ya 1932 ilipokuwa miche, au ya 1969 walipostaafu, ambayo walishaibadilisha mara nyingi? Wataalamu wa uhifadhi wa Marekani wana miongozo ya mambo haya: kutunza kilichopo, kukarabati kwa matumizi mapya, kurudisha kipindi fulani, au kujenga upya kilichotoweka. Miongozo ni mizuri. Lakini anayesimama na mkasi mbele ya kichaka ndiye anayeamua.

Niseme kidogo juu ya huo mkasi, maana hapo ndipo kazi ilipo. Ukingo wa buksi ukiachwa mwaka mmoja unapoteza mstari. Ukiachwa mitano, ndani yake kunakuwa vijiti vikavu na majani yanabaki juu tu, na ukikata kurudisha umbo unakuta mifupa. Kwa hiyo unakatwa kila mwaka, siku kavu, kwa mkasi mkali uliofutwa kwa spiriti kila unapohama kichaka. Siku ya mvua hugusi. Kuna ugonjwa wa ukungu wa buksi ulioingia Marekani mwaka 2011, na Oregon ukaonekana mwaka huohuo. Unaanza na madoa meusi kwenye majani na mistari myeusi kwenye vijiti, kisha majani yote yanapukutika. Mbegu za ukungu huo zinanata. Zinasafiri kwenye mkasi, kwenye glavu, kwenye suruali ya aliyetoka kufanya kazi bustani nyingine, na majani yaliyoanguka hubaki na maambukizi kwa miaka. Bustani ambayo kuta zake zote ni buksi inaweza kubomolewa na glavu za mtu mmoja mwenye nia njema.

Na hapa ndipo nawafikiria ninyi. Kichaka kilichopandwa na Elizabeth Lord kikizeeka, unaweza kununua kingine dukani, lakini kitakuwa cha aina nyingine, chenye rangi tofauti kidogo na kasi nyingine ya kukua. Njia bora ni kuchukua kijiti kutoka kwenye kichaka chenyewe, kama tunavyochukua shina la muhogo tukalipanda shamba jipya, na muhogo unaoota ni uleule. Kijiti kile kikitoa mizizi, ulichonacho ni mmea ule ule alioushika yeye. Wale mliotoka Uvira, Kigoma, Bujumbura, mmefanya hivi tangu watoto. Katika nchi hii huo ni ujuzi unaotafutwa.

Bustani pia inahifadhiwa na karatasi, tena pengine kuliko kitu kingine. Nitawapa mifano miwili kutoka nje ya Salem.

Beatrix Farrand alikuwa mwanamke pekee kati ya watu 11 walioanzisha chama cha wasanifu wa mandhari wa Marekani mwaka 1899. Nyumbani kwake, Reef Point, katika kisiwa kimoja cha jimbo la Maine, alitengeneza bustani ya maisha yake, na alipofiwa na mume alipanga iwe mahali pa kufundishia. Moto mkubwa wa mwaka 1947 ukauteketeza sehemu ya mji wake, Bar Harbor, pesa zikapungua, mji ukakataa kumsamehe kodi. Alipoona hakuna uhakika kwamba bustani itatunzwa baada yake, mwaka 1955 akaamua kuibomoa mwenyewe. Alikuwa na zaidi ya miaka 80. Mimea ilinunuliwa na jirani mpenda bustani, Charles Savage, akaitumia kutengeneza bustani nyingine mbili karibu na pale ambazo watu wanazitembelea mpaka leo. Michoro na vitabu alivipeleka Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Nikisoma habari ile huwa nauma kidole. Mtu aliona afadhali kuua kazi yake kwa heshima kuliko kuiacha iporomoke mikononi mwa watu wasiojali.

Lakini angalieni karatasi zile zilifanya nini. Ndani ya sanduku alilolipeleka Berkeley mlikuwa na michoro ya Gertrude Jekyll, mwanamke Mwingereza aliyemtangulia, ambayo Farrand aliinunua isipotee. Miaka ya 1980 wenye nyumba moja katika kijiji cha Upton Grey, Uingereza, waligundua kwamba uwanja wao uliojaa magugu ulibuniwa na Jekyll mwaka 1908. Wakaomba nakala kutoka California. Michoro ilikuwa na jina la kila mmea na mahali pake. Wakapanda upya kitalu kwa kitalu, na bustani ikarudi kijijini ikitokea Amerika.

Salem tumepata vyote viwili, mimea na karatasi, na si kwa bahati tupu. Elizabeth alifariki 1976, Edith 1984. Michoro na barua za ofisi yao ziko Chuo Kikuu cha Oregon, mjini Eugene, mwendo wa saa moja kutoka hapa. Waliohamia nyumba ile baada yao waliipenda bustani wakaitunza; nawaombea heri, kwa sababu wangeweza kabisa kuifukua. Mwaka 2004 wakazi waliojali waliunda taasisi inayoitwa Lord & Schryver Conservancy, na miaka kumi hivi baadaye ikaweza kuinunua nyumba na bustani. Taasisi hiyohiyo imesaidia pia kufufua bustani za Deepwood, umbali mdogo kutoka pale, ambako wanawake hawa walianza kumbunia Alice Brown mwaka 1929. Deepwood ni mali ya mji, kwa hiyo unaweza kuingia hata leo jioni ukaona mkono wao.

Hali ya hewa nayo imegeuka. Mnaikumbuka Februari 2021, barafu iliyovunja miti mji mzima na umeme ukakatika siku kadhaa? Na Juni ya mwaka huohuo, tarehe 28, hapa Salem palifika nyuzi 47 za sentigredi. Sisi tuliotoka nchi za joto tulishangaa kama wenyeji. Mimea iliyochaguliwa kwa majira ya miaka ya 1930, mvua ya baridi na kiangazi cha wastani, haikutarajia siku kama ile. Sasa inahitaji matandazo mazito, maji alfajiri, na mtu wa kuangalia jani lipi limeungua na lipi lina ugonjwa, maana kwa mbali yanafanana.

Kuna jambo jingine ambalo nisingependa kulipita. Wanawake hawa walipopanga uwanja wao walikuta mwaloni mweupe wa Oregon, mti mkubwa, mkongwe kuliko mji. Waliuzungushia bustani mti ule badala ya kuuondoa. Bonde hili la Willamette lilikuwa la Wakalapuya, wenyeji wa asili wa hapa, ambao kwa karne nyingi walichoma nyasi kwa mpango kila mwaka, na moto ule mwepesi ndio uliowezesha mialoni itawale bonde na mmea uitwao camas uchanue, yale maua ya buluu mnayoyaona Bush's Pasture Park majira ya kuchipua, ambayo viazi vyake vilikuwa chakula chao. Baada ya mkataba wa 1855 walihamishwa wakapelekwa Grand Ronde, eneo walilotengewa na serikali. Humu ndani kuna watu wanaojua kuhamishwa ni nini. Anayetunza ardhi ya mtaa ule anatunza pia kazi ya mikono iliyotangulia Lord na Schryver, na ni vizuri watoto wetu waambiwe hivyo wakipelekwa kutembea.

Kwa upande wa kazi: bustani hufunguliwa kwa wageni majira ya maua, na sehemu kubwa ya utunzaji hufanywa na watu wa kujitolea wakiongozwa na wataalamu. Wengi wao ni wazee waliostaafu. Wanafundisha kwa uvumilivu na hawaulizi vyeti. Kiingereza chako kikiwa kidogo, si neno. Mkono wako utaonekana. Vijana mnaofikiria chuo, fani ya usanifu wa mandhari inafundishwa katika chuo kilekile cha Eugene ambako michoro imehifadhiwa, na hakuna mlango wa wanaume peke yao tena.

Mimi nitakaa pale kwenye meza ya karibu na mlango, nina daftari. Atakayependa twende pamoja aandike jina lake na siku anazopata nafasi, na kama anacho, aje na mkasi wake. Tutausafisha kwa spiriti kabla hatujaingia. Asanteni kwa kunisikiliza.